Nani Amepaka Rangi ya Kucha Ndani ya Injini Yangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba haraka, maana Jumapili inakuja na watu nimeshawaita, lakini kabla sijasema nimewaitia nini wacha kwanza ujue unaongea na mtu wa aina gani. Shule niliipita kwa nje nikiwa juu ya pikipiki, ila muulize yeyote mwenye mvi mtaani kwetu, atakwambia hajazaliwa mtu wa kupanda mawe kama mimi. Wewe labda unajua pikipiki za kukimbia, hizo ni za watoto. Sisi mchezo wetu ulikuwa wa kwenda polepole, unaipandisha pikipiki juu ya mwamba, unaishusha kwenye tope, unaipitisha kati ya magogo, na mguu wako usiguse chini, ukigusa tu umeshapoteza alama. Mimi mguu wangu ulikuwa haujui ardhi inafananaje! Kuna siku nilisimama juu ya jiwe, pikipiki haiendi mbele hairudi nyuma, mpaka kunguru akaja akatua kwenye usukani akidhani nimeota pale. Anayebisha aje tubishane.

Sasa uzeeni nimeamua kujiundia pikipiki kama ile, ya Kiingereza, ya zamani, silinda moja, chuma kitupu. Fremu nilikuta mtu anaitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Injini ilikuwa inavuta maji kwenye bustani ya mtu. Tangi, usicheke, lilikuwa limepandwa maua. Nimekusanya kipande kwa kipande nikaweka stoo, nyuma ya jiko, na mama watoto akawa ananishikia tochi. Kazi yake ndiyo hiyo, kushika tochi na kunipa spana ninayoitaja. Na spana zenyewe si hizi za kila duka, nati za Kiingereza za zamani zina vipimo vyao vya kiburi, spana ya kawaida ama inakataa kuingia ama inacheza inakula kona zote za nati. Zangu nazilaza chini ya godoro, upande wangu, kwa hiyo mwizi itabidi aninyanyue kwanza.

Injini ikagoma kuwaka. Si kwamba mimi nimeshindwa, yenyewe ilikuwa haijaamua. Nikipiga kiki inapiga chafya kwenye kabureta halafu kimya. Nikawaambia watu ni petroli ya siku hizi, imejaa maji, nikaiacha ipumzike na mimi nikahamia kwa kinyozi, pale tunakaa wazee wenye akili tunapanga mambo. Mambo yakaanzia hapo.

Kwanza ni sukari. Sukari ya nyumba yangu ikaanza kukimbia kama ina miguu. Tuko wawili tu na mimi chai nakunywa kwa kinyozi, sasa nani anakunywa? Chai ya nani hiyo, inapikwa mimi nikiwa sipo?

Halafu nikakutana na Kimya anatoka getini kwangu. Kimya ni fundi wa kukereza vyuma, hizo bushi na pini za kuvaa ndani ya injini, tunamwita hivyo kwa sababu maneno anayatoa kama anayalipia kodi. Mrefu huyo, akisimama karibu na nguzo ya umeme utaombea nguzo isione haya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nilileta bushi."

"Bushi ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja gani ndani ya nyumba yangu?"

Mshauri, mtu huyo akacheka! Kimya, akacheka, meno yote nje! Akasema, "Muulize shemeji," akaondoka zake.

Nikaanza kuchunguza. Nikanusa kitambaa cha kichwa cha mke wangu, kinanuka petroli. Nikaangalia mguu wake wa kulia, kwenye muundi kuna jeraha jeusi limevimba.

"Mama watoto, huo mguu umepigwa na nini?"

"Kitanda."

"Kitanda kimeanza lini kupiga watu?"

"Tangu ulipoanza kukilazia vyuma."

Unamwona? Anajibu haraka mno, mtu asiye na lake huwa anafikiri kidogo.

Nikaingia stoo peke yangu. Usukani umeshushwa na kurudishwa nyuma. Vikanyagio vimehamishwa. Nikasema ahaa, huyu jamaa anajipimia pikipiki yangu kama suti, leo pikipiki, kesho atajipimia viatu vyangu, keshokutwa atauliza mimi ni mgeni wa nani. Na nati zote zina kona zake, hakuna hata moja iliyoliwa, maana yake aliyefungua alikuwa na spana zangu, na spana zangu ziko chini ya godoro langu. Hesabu hiyo hata mimi niliyeipita shule kwa nje naijumlisha.

Lakini kilichonimaliza ni hiki. Nikafungua kifuniko cha pembeni, pale kwenye gia zinazopanga moto wa plagi, nikakuta doa jekundu kwenye jino la gia moja na doa jekundu kwenye gia ya pili, yametazamana. Rangi ya kucha! Ile ile aliyopaka mke wangu kwenye harusi ya binti yetu, haijapakwa tena tangu siku hiyo. Mshauri, watu wanaandikiana mapenzi ndani ya injini yangu.

Nikapiga kufuli stoo, ufunguo nikauning'iniza shingoni. Mke wangu alipoiona ile kufuli hakugomba. Alikaa kwenye kizingiti cha stoo akalia. Analilia stoo! Wewe umewahi kuona mtu analilia stoo? Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kuondoka, na nguo zake amezikunja ndani ya mfuko, mfuko uko nyuma ya mlango.

Nikampigia binti yetu simu nimweleze mama yake alivyobadilika. Badala ya kunionea huruma akaniuliza, "Baba, lini mara ya mwisho uliigusa hiyo pikipiki?" Nikamwambia naigusa kila siku kwa mawazo. Akasema, "Basi muulize mama," akakata. Na yeye wameshamnunua.

Hata kinyozi ananitega. Siku moja kabla sijapiga ile kufuli nimekaa kwenye kiti chake, nusu ya kichwa imenyolewa, akazima mashine akasema, "Mzee, hiyo inayounguruma upande wa kwako si ya kwako?" Nikamwambia hiyo ni mashine ya kusaga ya jirani. Mimi bwana injini ikikohoa mtaa wa tatu nakwambia mwenye nayo ameamkaje, sasa kinyozi anifundishe sauti?

Kwa hiyo Jumapili wanakuja kaka zake wawili na wadogo zangu, nimwambie mbele yao yeye na Kimya wake, achukue mfuko wake aende. Lakini mshauri, tumeishi pamoja tangu mimi nina nywele. Nikikaa kuyapanga maneno ya kusema Jumapili, ulimi unakuwa mzito, na mimi si mtu wa ulimi mzito. Niseme vipi ili nisionekane nimeonewa?

Mimi,
Mguu Haugusi Chini

*

JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, pole, na vua kofia nikuseme vizuri.

Barua yako nilimsomea kaka yangu, yeye ni fundi pikipiki. Nilipofika kwenye rangi ya kucha aliweka spana chini akacheka mpaka akakaa. Mapenzi hayo hayako popote, baba. Ni alama ya kupanga moto. Mafundi wasio na rangi nyingine hutumia ya kucha, wanatia doa kwenye meno ya gia ili wakirudisha zikutane sawa. Kaka yangu anasema pistoni inapanda juu mara mbili, mara moja kubana petroli, na hapo ndipo cheche inatakiwa, na mara moja kutoa moshi, na wewe ulipanga cheche itoke kwenye kutoa moshi. Ndiyo maana ilikuwa inapiga chafya. Petroli uliyoitukana haina kosa. Mtu ameligundua hilo, amelirekebisha na ametia alama asikosee tena. Sasa jiulize, katika nyumba yenu ya watu wawili, nani ana chupa ya rangi ya kucha?

Ngoja, sijamaliza. Sukari hainywewi na mtu. Sukari na sabuni ndivyo mafundi wanavyotolea grisi mikononi, na wewe hilo unalijua tangu ujana. Jeraha la muundi wa mguu wa kulia ni la kiki iliyorudi, injini za silinda moja zina teke, unalijua. Usukani umeshushwa na kurudishwa nyuma. Kwa ajili ya Kimya? Mtu umemfananisha na nguzo ya umeme! Angepanda vile magoti yake yangemziba macho. Pale amepimwa mtu mfupi mwenye mikono mifupi, na wewe urefu wa mkeo huhitaji mimi nikuambie. Kimya alileta bushi kwa mteja. Mteja ni huyo shemeji aliyekutajia, mkeo. Alicheka kwa sababu alidhani na wewe unajua, fundi wa watu.

Miaka yote hiyo mama amesimama pembeni na tochi, na wewe ulidhani tochi inamulika bila macho. Ameona kila nati unavyoifunga na kila unapokosea. Ulipokimbilia kwa kinyozi, yeye akabaki na pikipiki. Kwa nini hakukwambia? Nadhani alitaka kukuonyesha ikiwa inawaka. Au aliogopa utaanza hadithi ya kunguru. Hilo mimi siwezi kukujibia, anayejua yuko jikoni kwako.

Na sasa zamu yangu kushuku, maana umeshuku watu wa kutosha. Mimi nakushuku wewe. Mtu anayetambua injini mtaa wa tatu, amekaa kwa kinyozi, anasikia injini ya silinda moja inaunguruma uani kwake, eti anasema ni mashine ya kusaga? Uliitambua, mzee. Uliitambua kabla ya kinyozi. Ulikaa kwenye kile kiti na nusu ya kichwa imenyolewa, ukasikia kitu ulichokihangaikia kimewaka mkononi mwa mtu mwingine, na ukaona bora uwe na mke msaliti kuliko kuwa na mke aliyeiwasha. Msaliti unaweza kumlalamikia mbele ya watu wakakupa pole. Huyu wa pili inabidi umpongeze, na pongezi ndiyo inayoufanya ulimi wako uwe mzito, si kitu kingine.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Kazi ni yako, fremu uliitoa wewe kwenye banda la kuku, na hamu hiyo umeibeba tangu ujana. Inauma. Lakini mwanamke aliyekaa kizingitini akalia hakuwa analilia mwanamume. Alikuwa analilia pikipiki, na hakuna mtu mwingine duniani anayeijua hiyo pikipiki zaidi yenu nyie wawili. Umemfungia mwenzako wa pekee nje.

Fanya hivi. Wapigie shemeji zako na wadogo zako leo hii, waambie Jumapili hakuna kikao. Usiwaambie "tumeahirisha", waambie "nilikosea". Ukiwaacha waje, hata ukinyamaza, jina la mama litakuwa limeshatembea na hutaweza kulirudisha. Kimya mwombe radhi kwa maneno machache, yeye hahitaji mengi. Halafu vua ufunguo shingoni umpe mama mkononi, usiuweke mezani.

Usimuulize alikuwa anafanya nini. Mwambie, "Naomba uiwashe, nisikie." Ukae kimya. Akipiga kiki ikirudi, usiseme "mimi enzi zangu". Akiipeleka uani akapita juu ya tofali bila kugusa chini, usimwambie usukani aushike vipi mpaka akuulize. Hata kama hakuulizi. Hasa kama hakuulizi.

Na akikuuliza kama siku ile kwa kinyozi uliisikia, mwambie ndiyo. Mfuko ulioko nyuma ya mlango unasubiri neno hilo moja, na hakuna ndugu wa upande wowote anayeweza kulisema kwa niaba yako.