Mdhamini Wako Amepigiwa Simu

Nyumba ya pili baada ya fundi saa,
Chumba cha mbele.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mtu ambaye walimpunguza kazini Jumatatu moja, na ilipofika Ijumaa ghala zima likafungwa. Piga hesabu mwenyewe. Wengine wanasema biashara ilikuwa mbaya. Mimi nanyamaza, maana mtu mkubwa hajisifu.

Hujambo lakini? Kikohozi kimekuacha? Na lile dirisha la chumba chako, mwenye nyumba amelitengeneza au bado unaziba kwa kadibodi? Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi. Mkazamjomba wako analalamika hata nisipopanda.

Barua yako nimeisoma. Miezi minane sasa unatafuta kazi, na sasa umeitwa intavyu ya Jumatatu unasema moyo umechoka, hujui kama utakwenda. Utakwenda. Lakini sikulaumu, maana hawa waajiri wa siku hizi wamenifika hapa, kooni. Zamani ulisimama getini asubuhi, msimamizi akakutazama mabega, akasema wewe ingia. Mimi alinitazama bega moja tu, likatosha. Leo unajaza fomu kwenye simu, kurasa saba. Unaambatisha wasifu wako. Ukurasa wa nane unakuuliza yaleyale yaliyomo kwenye wasifu. Gusa pabaya, yote yanafutika. Nimetuma maombi ishirini na sita. Waliojibu ni watatu, na wote wanasema watawasiliana nami. Sasa hapo walikuwa wanafanya nini?

Usitume wasifu uleule kila mahali kama kadi ya harusi. Soma tangazo lao, na maneno yao ndiyo uwarudishie. Wakiandika wanataka mtu wa kupokea shehena, usiandike umeshusha magunia, hata kama mgongo haujui tofauti. Hilo nililijua kwenye ombi la kumi na tano, tena kwa kuambiwa na kinyozi, mtu ambaye hajaajiriwa na yeyote tangu azaliwe.

Na usifiche kwamba unatafuta. Mimi miezi miwili nilitoka hapa kila asubuhi na sare ya ghala, nakwenda kukaa kwa kinyozi nasoma gazeti la juzi. Nilikuwa nalinda heshima. Kumbe kwenye kiti kilekile alikuwa akinyolewa bwana mmoja anayetafuta mpokea mizigo, kila wiki anauliza kama kuna mtu. Kinyozi alipojua sina kazi, nafasi ilikuwa imeshajazwa. Heshima niliilinda, kazi ikapita mbele ya pua yangu ikiwa imenyolewa vizuri.

Intavyu za kwenye simu nazo, jizoeze kabla. Mimi niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, nimevaa koti na tai, chini bukta. Katikati ya jibu zuri ajabu, jibu ambalo nadhani lingenipa ukurugenzi, simu ikalala chali. Dakika tatu nzima wale mabwana wanahoji dari. Mkazamjomba wako anasema dari ndiyo iliyojibu vizuri zaidi. Kwa hiyo tafuta kitu kizito cha kuegemeza, na uvae suruali.

Sasa jambo lenyewe. Uliniweka mdhamini wako, kwa ile miezi sita uliyoandika daftari la mizigo ghalani kwetu. Ulifanya vyema. Ila safari nyingine mpe mdhamini taarifa kabla, umweleze kazi unayoomba ni ipi na wanataka nini. Mimi nimepigiwa jana nikiwa na sabuni kichwani.

Alikuwa mama mmoja wa ofisi hiyo ya Jumatatu, sauti ya upole, lakini nasikia anaandika kila ninachosema. Nikamwambia hujawahi kuchelewa hata siku moja, na ni kweli. Nikamwambia daftari lako halikufutwafutwa, na ni kweli. Nikamwambia siku moja lori lilirudi nyuma lenyewe ukalisimamisha kwa sauti tu. Hilo lina ukweli ndani yake, ukichimba. Akacheka, nikaona mambo yamenyooka. Ndipo akauliza, "Na kwa maneno yako mwenyewe, Mzee, huyu binti utaalamu wake hasa ni nini?"

Hapo mtandao ukakatika. Baadaye ametuma ujumbe kwamba atapiga tena Alhamisi saa nne asubuhi, na kwamba bila jibu la mdhamini hawamwoni mtu Jumatatu. Ndiyo maana mkazamjomba wako anaipiga picha barua hii akutumie leoleo.

Msalimie yule mama mwenye nyumba, pamoja na dirisha lake. Mama yako, dada yangu, hajambo, anakuombea asubuhi na jioni. Babu naye anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia ajaze fomu. Mungu akufungulie mlango mmoja tu, usio na kurasa nane.

Mpwa wangu, mtandao haukukatika. Niliukata mimi. Nilipulizia simu nikasema halo halo, nikabonyeza. Mkazamjomba wako alikuwa amesimama mlangoni na taulo, akasema, "Miaka mitatu unamtangaza mtaa mzima, kumbe hujui unatangaza nini."

Kinyozi nimemwambia wewe ni injinia. Fundi saa nimemwambia ni daktari wa kompyuta. Lile neno la utaalamu wako uliloliandika kwenye barua nimelisoma mara nne, na kila mara nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sijui kazi yako ni nini, mwanangu. Niandikie kabla ya Alhamisi, mistari miwili, kwa maneno mepesi.

Ni mimi, akupendaye kuliko anavyokuelewa,
Mjomba wako.