Folda Yenye Jina la Masika

Kasese, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijasema langu, niambie ya huko. Goti lako limepoa? Baba bado anakohoa asubuhi? Na njia ya shambani, mnapita sasa au bado mnarudishwa kwa sababu ya vita? Kila anayevuka mpaka kutoka Butembo ananiletea habari tofauti, nami naziamini zote. Mwili wangu ni mzima. Barua hii nampa yule mama wa vitenge anayevuka mpaka wa Mpondwe keshokutwa, kwa hiyo ikikufikia na mikunjo mingi, usishangae.

Wiki ile uliponiuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ni ndogo, nilisema ni mafua. Hayakuwa mafua.

Siku zote ukiniuliza kazi yangu najibu “kompyuta” tu. Leo lazima nieleze, maana bila hivyo hutaelewa nilichofanya. Ofisi yetu inatengeneza programu za mizani kwa stoo za kakao na kahawa. Programu ina vipande, na kimoja kazi yake ni kusikiliza mizani na kuonyesha kilo kwenye kioo. Ili kompyuta ikipate kipande hicho, lazima kiandikwe kwenye daftari lake la ndani: jina lake, na mahali kinapokaa. Mimi ndiye ninayefunga kifurushi kinachoweka programu kwa mteja. Siachi kipande kijiandikishe chenyewe kule. Nakiacha kijiandikishe mara moja hapa ofisini, nanasa kila kilichoandikwa, kisha naweka maandishi hayo ndani ya kifurushi.

Sharti ni kwamba unanasa kwenye kompyuta tupu, ambayo haijawahi kuiona programu hiyo. Tunayo moja kwa kazi hiyo. Siku ile Hajji, mwenye ofisi, alikuwa ameichukua kufundishia watu wa Karusandara, na stoo moja ya Bwera ilikuwa inangoja. Nikanasa kwenye kompyuta yangu. Nilipojaribu, ikafanya kazi vizuri. Ingeshindwaje? Kifurushi kilikuwa kimebeba anwani ya folda yangu, na folda hiyo kwangu ipo. Sikusoma nilichonasa. Unanijua nikishajiamini.

Aliyekipeleka Bwera ni Masika mwenzangu, wa Kilembe, mkubwa kwangu. Huku nako, kama kwetu, binti wa kwanza ni Masika, na ukiliita jina hilo sokoni wanageuka wengi. Mimi humwita Yaya, kama dada yangu mkubwa. Watu wa ofisini wanatutofautisha, Masika wa Butembo na Masika wa Kilembe, lakini kwenye kompyuta zetu zote mbili folda kuu imeandikwa Masika tu.

Jumatatu ile Yaya alipiga simu kutoka stoo, nami nikasikia kelele nyuma yake.

“Mzani inasoma sifuri! Mutu anaweka gunia, sifuri. Anaweka ingine, sifuri!”

Mama mmoja kwenye foleni akapaza sauti: “Basi nipande mimi mwenyewe, tuone kama na mimi niko sifuri!”

Watu walicheka, lakini kwa hasira. Mvua ilikuwa inanyesha, na kakao waliyoihangaikia juani siku nyingi ilikuwa inalowa hapo nje. Wengine walishaanza kumwita karani wa stoo mwizi.

Karani alituma picha ya kioo chake. Kompyuta ilikuwa inakitafuta kipande kwenye folda ya Masika, ambayo kule Bwera haipo. Hajji alikuwa amemkanya Yaya zamani, baada ya kumkuta kule Rukoki akimwekea mteja programu aliyoinakili kutoka laptopu yake. Akampigia simu mbele yetu sote.

“Nilikukanya kule Rukoki! Umeweka tena kitu ya laptopu yako. Jina lako iko hapa, imeandikwa!”

“Hajji, wallahi, mimi…”

“Wewe Mukatoliki unaniapia wallahi? Kaa nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita.”

Mama, nilikuwa nimesimama karibu na bega lake. Niliiona ile picha. Baada ya jina Masika kulikuwa na folda nyingine ndogo, Jaribio, na hiyo ni yangu. Sikusema neno.

Barua ya kazi ninayoonyesha kila ninapoomba kibali cha kukaa huku ina sahihi ya Hajji, na nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili yenu. Si kweli. Niliogopa kuonekana mjinga. Nimesoma kuliko wote pale, na wanajua, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyehakikisha wanajua. Siku ya pili nilisema kesho. Siku ya tatu ulipiga wewe, nikakuambia mafua.

Alhamisi nilipanda Kilembe. Yaya anakaa kwenye zile nyumba za zamani za mgodi, juu ya mto Nyamwamba. Nilimkuta anaanua nguo.

“Dada ya Butembo! Umekuja kuangalia mutu asiye na kazi?”

“Yaya, ile folda ni yangu. Si yako.”

“Umejua tangu lini?”

“Tangu Jumatatu.”

“Na leo iko siku gani?”

“Alhamisi.”

Akaikunja shuka iliyokuwa mkononi, akaikunjua, akaikunja tena. “Jumatatu ni mashini ilikosea. Mashini nasamehe. Jumanne na Jumatano, hiyo ni wewe.”

Hakunikaribisha ndani.

Ijumaa nilimwambia Hajji. Alivuta tasbihi, nikadhani anatafuta maneno ya kunifukuza. Kumbe alikuwa anatafuta ya kuninyamazisha.

“Mteja ameambiwa aliyekosa ametoka. Mteja ametulia. Tengeneza kifurushi ingine, nyamaza.”

“Na Yaya?”

“Nitamtafutia kitu huko mbele.”

Nilinasa upya kwenye kompyuta tupu, nikasoma mstari kwa mstari, na Jumamosi nikaenda Bwera mwenyewe. Nilitoa ya zamani, nikaweka mpya. Gunia la kwanza likasoma kilo zake, na foleni ikapiga vigelegele. Karani akaniuliza jina.

“Masika.”

“Yule alifukuzwa?”

“Hapana. Mimi ni yule aliyekosa.”

Nikamweleza, watu wakisikia. Mzee mmoja aliyekalia gunia lake akauliza, “Sasa yule mwingine mulimufukuza ya nini?” Karani alimpigia Hajji hapohapo: “Hajji, iko musichana hapa anajishitaki. Sisi mnatuona wajinga?”

Jumatatu iliyofuata Yaya aliitwa arudi. Hajji tangu hapo ananituma kazi kupitia kwa wengine. Kibali changu kinakaribia kwisha na sijui kama atatia sahihi. Nakuandikia mapema ili, ukiniona nimesimama mlangoni na mzigo, usidhani ni hofu ya vita vya huko iliyonirudisha, wala usimlaumu yeyote wa huku.

Yaya hali tena chakula cha mchana nami. Ninapompa flashi yenye kifurushi, husimama mbele ya meza yangu, watu wote wakitazama.

“Umenasa kwa kompyuta gani?”

“Ile tupu, Yaya.”

“Umesoma?”

“Nimesoma.”

Kisha anakwenda kuketi, anafungua kifurushi, na anakisoma mwenyewe tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba sijajibu kitu. Mimi nangoja hadi amalize. Hakuna anayenilazimisha kungoja.

Nisalimie Baba, na umwambie dawa ya kifua nitaipitisha kwa mama wa vitenge. Nisalimie Kambale mdogo wangu, aache kupakia watu watatu kwenye pikipiki. Shangazi Kavira wa maharage, na Bibi, umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Haya niliyoandika msomee Baba pia. Usiruke mahali.

Nakukumbatia, Mama.

Mwanao,
Masika