Mgonjwa wa Yonasi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mume wangu amerudi na lori tupu. Dawa za shirika la misaada amezishusha salama, Congo. Nikashukuru — halafu nikaona hayuko peke yake. Kijana mwembamba, Damiano, kajifunga shuka kiunoni. Ati ni mbeba mizigo wa kliniki ya shirika, ameanguka. Nikauliza kaangukia nini. Yonasi akaenda kuoga.

Kamlaza chumba cha nyuma, kafunga komeo. Mgonjwa gani wa kufichwa?

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua bandeji. Miaka yote hii ya unesi — hiyo si kuanguka. Risasi. Ameshonwa vizuri, mkono wa daktari, ila kidonda kinatoa usaha. Nikasema apelekwe hospitali. Yonasi hataki, wataita polisi.

Ndipo akasema ukweli, au nusu yake. Watu wenye silaha waliingia wodini kuwamalizia majeruhi vitandani. Daktari wa shirika akamwomba amtoroshe huyu. Majeruhi wa upande gani? Hakuuliza. Daktari naye huwa haulizi.

Mimi ningeuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Homa. Nimempa vidonge. Kila nikitoka chumba kile Yonasi ananitazama usoni, kama anatafuta kitu. Anajua nini?

Mwaka jana lori lake liliporwa dawa kwenye kizuizi cha waasi, hukohuko Congo. Mdogo wangu Watson alikuwa utingo wake. Tulimzika kwetu Ileje. Tangu hapo silipendi shirika lile — na ndilo linalotulisha.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemuuliza Damiano mwenyewe, taratibu, nikisafisha kidonda. Mwaka jana alikuwa wapi? Akajibu:

"Dada, nilikuwa na wale wa kizuizini. Dawa tuliziiba. Nilipopigwa risasi, walionitibu ni walewale tuliowaibia."

Nikauliza kuhusu utingo aliyeuawa. Akageukia ukutani.

Nilimaliza kumfunga bandeji. Sijui mikono iliwezaje.

Yonasi nimembana jikoni. Alijua! Alimtambua palepale wodini. Nikamuuliza kwa nini basi kamleta kwangu.

"Simjui nesi mwingine, Erica."

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Homa imepanda, anaweweseka, kidonda kinanuka. Vidonge havitoshi, anahitaji sindano. Ninazo. Nilizinunua jana duka la dawa, ziko mkobani, sijamchoma hata moja. Yonasi ameziona.

Asubuhi hii Mama kabisha hodi, katoka Ileje bila taarifa, na kapu la viazi. Akasikia mtu anaguna. Kabla sijamzuia, keshaingia. Sasa ameketi kitandani, kampakata kichwa, anamnywesha uji kwa kijiko. Anamwita mwanangu. Anasema huyu ni rika la Watson.

Hajui. Yonasi kasimama mlangoni, ananitazama mimi.

Mama kauliza dawa ya mgonjwa iko wapi. Nimesema naifuata. Niko jikoni, mkoba uko mapajani, naandika. Anaita tena.