Vitabu Vyenye Harafu

Senje Rispa, shangazi yangu,

Rafu ya dirishani ipo. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Ipo, na vitabu vyake vyote vipo, ingawa kwa muda vilianikwa nje kama mahindi.

Tangu tukuzike kule Shirere, meza yako ya maktaba amepewa Bwana Kombo, mtu wa pwani. Si mtu mbaya. Anamsalimia kila mmoja, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na ameziba lile paa ulilolipigia kelele mpaka ukachoka. Lakini siku zake za kwanza maktaba ilipokea makatoni ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, akafurahi kama baba aliyeletewa mahari. Rafu zitajaa, akasema. Nikafungua katoni ya kwanza, nikakuta mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Ya pili ilikuwa na sheria za kodi za nchi ambayo hakuna mtu wa hapa Lurambi aliyewahi kuikanyaga. Nilitamani uwe karibu tucheke. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanigeukia, nikaenda kunawa uso.

Ili mizigo hiyo ipate nafasi, Bwana Kombo akataka rafu ya dirishani iondolewe: hadithi zile za Kiswahili zilizochakaa, vijitabu vya miwa na vya kuku, vyote ulivyovichagua wewe. Sababu yake ni kwamba haviazimwi. Kweli haviazimwi, Senje. Watu wa benchi la dirishani hawana kadi za maktaba. Wanatoka sokoni, wanakaa, wanasoma au wanasomewa, wanarudi kwenye biashara zao.

Unakumbuka ulivyokuwa ukichagua? Muuzaji wa vitabu alipoleta sampuli zake, wewe hukuangalia jalada. Ulichukua kitabu, ukaenda nacho kwenye benchi, ukakifungua katikati, ukasoma ukurasa mmoja kwa sauti, ukakifunga pah! Ukanyamaza. Mtu wa benchi akiuliza "Harafu?", kitabu kimenunuliwa. Wakianza kuangalia nje, kinarudi kwenye mkoba wa mwenyewe. Hata kile kijitabu cha kuku kilipita hivyo hivyo. Ulikifunga pale ugonjwa ulipoingia bandani, na Mama Khavere wa ndizi akaruka: "Harafu? Hizo ingokho zilikufa ama?" Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Jioni ile ukaniambia, "Agneta, hatununui vitabu vya kupamba rafu." Nimelishika neno hilo.

Basi siku ya mkutano wa kuamua kipi kibaki na kipi kitoke, nikaketi kwenye kiti chako. Nikasimama, nikasema kwa nguvu zangu zote: "Bwana Kombo, hivi vitabu viko na harafu. Vyote! Mimi mwenyewe naonanga kila siku."

Akanitazama kwa huruma. "Kama vina harufu, dada, mbona mmevumilia muda wote huu?" Akaagiza vitolewe nje vipigwe na jua, na vitakavyoendelea kunuka vichomwe moto.

Ulimi wetu huu, Senje! Maisha yangu yote nimesema harafu na hakuna aliyenisikia vibaya, mpaka siku niliyohitaji kusikika. Nilipofungua mdomo nieleze, mkutano ulikuwa tayari unafungwa kwa maombi.

Sikulia. Nilikasirika. Nikavitoa vitabu kama nilivyoagizwa, na benchi nikalitoa pia, nikaliweka nyasini mbele ya dirisha la Bwana Kombo. Kama ni jua, na wasomaji walipate. Kufikia adhuhuri benchi lilikuwa limejaa na wengine wameketi kwenye majani. Nikachukua hadithi ya yule mwanamke anayerudi kwake baada ya miaka mingi na kukuta mlango umepakwa rangi asiyoijua. Alipoinua mkono kubisha, nikafunga pah!

"Harafu?" wakasema kwa pamoja. Mama Khavere akaongeza, "Agneta, usitufanyie hivyo, nimeachia jirani ndizi zangu. Harafu?"

Bwana Kombo alikuwa ametoa kichwa dirishani. Akatazama benchi, akanitazama mimi, nikaona neno linamwingia polepole.

"Halafu," akasema, kwa ile L yake safi. "Ulisema halafu."

Nikamwambia ndiyo, na sikuishia hapo. Nikamwomba alete kitabu chochote cha katoni tukipime hapo hapo. Alileta ule mwongozo wa theluji. Akausoma mwenyewe, akitafsiri, tena kwa sauti nzuri, akaufunga. Kimya. Mzee mmoja wa Mayoni, aliyekuja kutafuta habari za miwa, akamwuliza kwa heshima, "Mwalimu, umemaliza?"

Bwana Kombo alicheka kuliko sisi sote. Tumetoa kamusi na ramani kwenye makatoni, hizo zina kazi. Vitabu vingine vya msaada vimerudi stoo, na vyako vimerudi rafuni. Na vitabu vipya vya kununua, ameniambia nivichague mimi. Wauzaji wanakuja karibuni. Naogopa, sitakuficha. Watakuja na majalada yanayong'aa na maneno matamu, na wewe hutakuwepo kunikanyaga mguu chini ya meza. Lakini nitakwenda nao kwenye benchi, mmoja mmoja, wapende wasipende. Hakuna kitabu kitakachopigwa muhuri wetu kabla hakijapita hapo. Hiyo ni ahadi, Senje.

Kuna jambo sijakuambia. Siku ya mazishi, pasta alifunga Biblia yake pah, vile vile kama wewe. Mama Khavere alikuwa amesimama kando yangu, analia. Akaninong'oneza, "Harafu?" Nilidhani huzuni imemchanganya. Sikuwa na la kumjibu, nikamshika tu mkono.

Sasa ninalo jibu lake. Kesho asubuhi nafungua mlango, nasogeza benchi dirishani, namsomea ile hadithi ya mwanamke pale tulipoachia.

Lala salama, Senje wangu.

Agneta