Paa Lina Mwenyewe

Shamba la Bwana Balbir,
S.L.P. 47,
Rongai.
21 Septemba 2008

Mpendwa mwanangu Kipyegon,

Mimi shangazi yako nakusalimu katika jina la Bwana wetu. U hali gani huko Juba? Ile malaria uliyoniandikia wakati wa Pasaka imekuachilia? Unakula, unalala kwa neti? Nasikia jua la huko linachoma mpaka nyundo inashikwa kwa kitambaa. Nakuombea kila asubuhi kabla sijafungulia farasi, na jina lako nalitaja kabla ya langu.

Sisi huku tuko, kwa neema. Bega langu la kushoto bado linaniamsha, na mwaka huu umenichosha, sijui kama ni mwaka ama ni mimi. Mahindi yanaelekea kukauka vizuri. Ng'ombe wa baba yako amezaa ndama jike. Dada yako Cheptoo anashona sare za shule pale sokoni na macho yameanza kumsumbua.

Mambo ya Januari baada ya uchaguzi uliyasikia kwa redio, sitayarudia. Nitakwambia tu kile hujui. Walipochoma banda la zamani la farasi, niliwatoa wale wadogo wanne nikawaingiza kwangu. Ndiyo, nyumbani. Siku sita tulikaa na farasi kwa sebule, wakila nyasi juu ya kiti cha wageni. Yule mwekundu anayeitwa Pilipili alitafuna kalenda ya kanisa kuanzia Januari mpaka Juni. Nikajiambia, basi, nusu ya mwaka huu imekwenda, bora hivyo.

Farasi hao hukuwaona. Wewe uliacha Bwana Balbir akipanda wale wakubwa. Baadaye alipatwa na kiharusi, akauza wakubwa, akaleta hawa wadogo kutoka Naivasha. Mgongo wao unanifika kiunoni. Hapandi, anakaa kwa kigari cha magurudumu mawili na kilemba chake, anashika hatamu, mkono wa kushoto unajifunza upya. Daktari alisema mikono ifanye kazi kila siku. Vijana wa baiskeli pale stendi wanamwita, "Mzee, hiyo gari inakunywa petroli ama dizeli?" Naye anawajibu, "Inakunywa kama baba yako!" Wanampenda.

Lakini mvua ikinyesha, matope yanashika magurudumu, na mzee anabaki kwa veranda. Mvua ya Agosti ilipokwisha, ule mkono ulikuwa umejikunja tena kama mguu wa kuku aliyekufa. Akisalimia watu anauficha.

Ndiyo maana tangu mvua ya Aprili anataka banda jipya la mawe, lenye vyumba vinne vya farasi upande mmoja na uwanja wa ndani, ili aendeshe hata mvua ikinyesha. Aliniita akasema, "Milcah, wewe ndiye umeishi nao nyumba moja. Sema wanataka nini." Na darasa la saba langu hili, nikachora kwa karatasi ya unga. Nilisema milango ya vyumba iwe mifupi, kwa sababu farasi mdogo nyuma ya mlango mrefu haoni kitu ila mbao, na anakasirika. Sakafu ya uwanja isiwe simiti, iwe maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, iliyoshindiliwa, juu yake mchanga na vumbi la mbao. Lango lisitazame upepo wa mlima Menengai. Na uwanja uwe wazi kabisa, upana wa futi arobaini, pasiwe na kitu cha kugonga gurudumu.

Kazi akampa baba yako. Baba yako akaleta mchoro wake, na ndani ya uwanja alikuwa ameweka nguzo kumi na mbili, safu mbili.

Bwana Balbir akautazama. "Fundi Micah, hii umenijengea kanisa. Mimi nataka kuendesha, sio kuhubiri."

"Nguzo haijawahi kuua mtu, bwana."

"Na mimi nitapita wapi? Juu ya mimbari?"

Baba yako hakucheka. Wewe unajua kwa nini.

Sitaki kukurudisha kwa ile siku, lakini lazima niiguse. Paa la kanisa uliloliunda wewe bila nguzo, kwa zile pembetatu zako za mbao, lilianguka Ijumaa ile ya Februari mwaka jana, mimi nikiwa ndani nafagia. Niliumia bega, hakuna mwingine aliyeguswa, Mungu asifiwe. Ila baba yako alisimama mbele ya kamati akasema mikono yako ndiyo imeangusha nyumba ya Mungu, nawe ukafunga begi. Tangu hapo hajajenga kitu bila nguzo. Hata banda la kuku la jirani yetu Truphosa lina nguzo katikati, kuku wanaizunguka.

Mwezi jana, mvua ilipopumzika kidogo, nilimwambia tujaribu huo mchoro wake. Tukajaza maji jerikani kumi na mbili, tukazipanga kwa nyasi pale nguzo zitakaposimama, kwa vipimo vyake mwenyewe. Nikamfunga Pilipili kigari, nikapanda. Pilipili alipita vizuri. Lakini kigari ni kipana kuliko yeye, na farasi anajua mabega yake tu, magurudumu ya nyuma hayajui. Baba yako alikuwa amepima farasi akasahau gari. Kwenye kona gurudumu likagonga jerikani, nikavuta hatamu, bega likakataa, nikaanguka kwa matope.

Alikuja mbio na umri wake huo. Aliniinua, hakuniuliza kama nimeumia. Alitazama lile bega tu, halafu akaanza kumwaga maji ya jerikani moja moja.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu chai haijachemka. Akakaa na kofia juu ya magoti.

"Milcah, mbao zilikuwa mbichi."

Nikachochea moto.

"Zile washiriki wa kanisa walitoa. Zilikatwa wiki hiyo hiyo. Kijana aliniambia tungoje miezi minne. Kamati ilitaka Krismasi. Nikawasikiliza wao."

Akasema alipobomoa yaliyobaki, misumari ilikuwa inatoka kwa vidole, mbao zimekauka zikaiachilia. Pembetatu zako zilikuwa nzima. Alijua tangu wiki ile, Kipyegon. Miezi kumi na minane alijua.

"Si umwandikie?" nikamwambia.

"Nimwandikie nini? Mkono wangu ni wa nyundo."

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilimfukuza na chai hakunywa. Ni ndugu yangu, lakini mimi nilibeba hili bega nikidhani ni kazi yako, nikapiga magoti nikakusamehe kosa lisilo lako. Naomba na wewe unisamehe huo msamaha.

Juzi hasira iliposhuka nikaenda kwake. Nyuma ya nyumba amepanga mbao za saiprasi chini ya mabati, na vijiti kati ya moja na nyingine ili hewa ipite, vile ulivyokuwa unamwambia. Kwenye kichwa cha kila mbao ameandika kwa makaa tarehe ya kukatwa. Tarehe tisa Mei. Tarehe tisa Mei. Tarehe kumi Mei. Huku anamwonyesha Bwana Balbir nguzo, huku anakausha mbao zako. Cheptoo anasema anazigeuza kila Jumamosi na hataki mtu amsaidie.

Na mchoro ameufanya upya. Kuta ziko, milango mifupi iko, hata rafu ya chai yangu ameichora. Nguzo hakuna hata moja. Juu ya kuta ameacha karatasi nyeupe.

"Na paa?" Bwana Balbir akauliza.

"Paa lina mwenyewe," baba yako akasema.

Mzee Balbir si mjinga. Akasema, "Mwisho wa Oktoba, fundi. Mvua ya Novemba haimngoji mwenyewe." Baada ya hapo mzee ataita watu wa paa la chuma kutoka Nakuru, na sidhani baba yako ataingia tena kwa hilo banda, hata kuniamkua.

Mwanangu, nimechoka kubembeleza watu wazima, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Ukija, mbao zitakuwa zimekauka. Kama huwezi kuja, chora hilo paa unitumie, nitampa mimi. Na kama moyo bado unakataa, andika hapana, nitamwambia hivyo, ni haki yako. Ila usinyamaze. Kila Jumatatu ananiuliza kama nimepita posta, na anajifanya ni mambo ya mbegu.

Cheptoo anakusalimu, na Truphosa, na kuku wake. Nisalimie Kosgei unayeishi naye, mwambie mama yake hajambo. Mungu akulinde juu ya ngazi na chini ya ngazi, na mikono yako aibariki, kwa maana haikuangusha kitu.

Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi shangazi yako akupendaye siku zote,
Milcah