Kofia ya Nyaya

Jumatatu, 3 Machi 2014
Uji umemwagika tena. Mzee wangu anatetemeka mpaka kijiko kinagonga meno. Shati la pili hilo, na bado asubuhi. Nimechoka kufua.
Mwanangu Ambokile kasema Mbeya wamekuja wataalamu wanaopima ubongo. Ukifaa unapelekwa India, wanakupachika waya ndani ya kichwa, unapita umeme kidogo, mikono inatulia. Nikamwuliza kama baba yake ni redio. Lakini tutaenda.

Alhamisi, 6 Machi
Tunduma foleni ya malori, tumechelewa kutoka. Hospitali wakamvalisha kofia ya nyaya. Mashine ikachora mistari, eti ndivyo ubongo unavyoongea. Sikusikia kitu.
Yakaja maswali ya kumbukumbu. Mimi nikatolewa nje, eti nitamjibia. Kweli ningemjibia. Akaingia Subila, mke wa Ambokile, amtafsirie Kindali.
Shule yote ile na hana akili! Mkwe na mkamwana chumba kimoja, uso kwa uso! Kwetu Ibaba hata njiani wanakwepana. Subila mwenyewe kasimulia: Mzee aligeukia ukutani, kimya mpaka mwisho. Daktari kaamua kumbukumbu imeisha. Na anayesahau hawamwekei waya.
Nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasema wote. Subila analia, "Mama, daktari ndiye kaniita, ningekataaje?" Kwa mdomo, nikamwambia. Ambokile anacheka, eti mila za milimani. Acheke.
Mzee nimemsema kuliko wote. Heshima gani hiyo ya kukunyima mikono? Akanijibu, "Mwanamke, kelele." Mtu aliyeishiwa kichwa anajibu hivyo?
Ambokile kampigia daktari. Watarudia.

Alhamisi, 13 Machi
Subila tumemwacha nyumbani. Katafsiri nesi mwanaume, Mndali wa Ikinga, kijana safi. Mlango uliachwa wazi, nikasikia yote.
Walimpa maneno matatu ayashike. Jembe, ng'ombe, mvua. Baadaye wakamwuliza. Kimya. Nikajua anaringa tu.
Watoto wangapi? Wawili. Tunao sita.
Mkeo nani? Akamtaja dada yake, marehemu wa siku nyingi.
Nikainuka nigombe. Nikakosa wa kumgombeza. Nikakaa.
Waya hakuna.

Jumapili, 16 Machi
Mvua. Sikwenda kanisani. Nimemlisha uji mwenyewe, kidogo kidogo, hakumwaga. Jina langu hakulitaja, wala sikumwuliza.
Subila katokea uani na ndoo. Mzee kageuza uso upesi, kajifunika kwa kofia yake, mikono ikitetemeka hivyo hivyo. Subila kainama, kazunguka nyuma ya nyumba.
Mzee hakukumbushwa na mtu.
Nimemwongezea uji. Kesho nitamwambia Subila apitie hapa tena.