Kitenge cha Kilio

Yaya Wivine, dada yangu,

Samaki wakavu wa Vitshumbi walifika wazima, hata vichwa. Watoto wanakusalimia.

Nilipoanza dawa za sida, huu ukimwi, kisha ile volkano ikalipuka, njaa ilinishika sana, lakini sahani yangu niliwaachia watoto, nikazidi kukonda. Mama Dative, muuguzi wetu wa kituo cha afya, alinigombeza: "Ukikufa, hao watoto watalishwa na nani? Utakula hapa, mbele ya macho yangu." Nikanywa uji wake kila asubuhi, nikiona haya. Leo nina nguvu, ninafika hata mutaa wa Katindo kwa miguu.

Nasikia kitenge mulichonunua kwa ajili ya kilio changu, mukifikiri nitakufa, kiko bado ndani ya sanduku. Mukishoneshe, nitakivaa mwenyewe Noeli. Ila usimupe fundi vipimo vya zamani, havinienei tena.

Mudogo wako,
Bénie